Neno la Herufi Tatu Kwenye Kitufe Chekundu

Siku niliyostaafu nikakabidhi funguo za kabati la lebo, Nuru aliniuliza ni neno gani lililonitesa kuliko yote katika kazi hii. Nadhani alitegemea nitataja mojawapo ya yale maneno ya Kijerumani yanayoanza asubuhi na kuisha jioni. Sikumjibu pale pale, maana watu walikuwa wanakula keki na hadithi yenyewe si ya kuteremshwa na keki. Ndiyo naiandika sasa, kwa Nuru na kwa ninyi wengine mliobaki kwenye zile meza. Habari za vyeo na mishahara sitazigusa. Vyeo vilikuwa vichache, na mishahara mnaijua.

Nilipelekwa China kusomea ufumaji wa nguo. Mwanzoni walitufundisha lugha, kisha mitambo, na mimi lugha ilinikaa kichwani wakati mitambo ilipita tu. Nilipomaliza, kiwanda cha Tanga kilichokuwa kinanisubiri kilikuwa kimefunga milango. Hiyo ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Nikasikia kwamba wafanyabiashara wetu wa Dar es Salaam na Unguja wameanza kwenda Guangzhou, na wanapata taabu kwa kukosa mtu wa kuwasemea. Nikapanda treni kwenda kusini.

Kazi niliyoipata haikuwa ya ukalimani hasa. Ofisi ilikuwa vyumba viwili katika jengo la Tianxiu, pale Xiaobei, katikati ya maduka na mawakala wa mizigo. Bosi wetu, ambaye kama mabosi wote wa kule tulimwita laoban, alifanya biashara ya lebo. Mtu akinunua pasi za umeme za kupeleka Kinshasa, sisi tunaandika Kifaransa kwenye boksi. Akipeleka Maputo, Kireno. Akipeleka Mombasa au Dar, Kiingereza, na kama mteja ana busara, Kiswahili chini yake. Zilikuwepo pia bidhaa zilizotengenezwa kwa ajili ya Ulaya zikakosa kwenda. Hizo zilikuja na maneno yake tayari, na ilibidi tuyafunike.

Siku ya kwanza laoban alinionyesha meza yangu, akanionyesha mzee mmoja aliyeinamia lenzi, akasema, "Huyo ni mwalimu Kuang. Fuata anachosema, ila usifuate mwendo wake. Anachelewesha kazi."

Mwalimu Kuang alikuwa amestaafu usahihishaji katika kiwanda cha kuchapa vitabu vya ufundi. Alijua Kirusi, Kijerumani, Kifaransa na Kiingereza, vyote kwa kusoma. Kuvitamka ilikuwa habari nyingine. Ujanani alipelekwa shamba kulisha nguruwe, na aliniambia kwamba aliwasomea nguruwe vitenzi vya Kijerumani ili asivisahau. "Walinisikiliza vizuri kuliko laoban," alisema. Mimi ni mtoto wa Kiislamu wa Tanga. Nilicheka kwanza, kisha nikajiuliza kama inafaa.

Aliniita Xiao Sa, yaani Sa mdogo, kwa sababu jina Saida lilimshinda kulimaliza. Somo lake la kwanza lilikuja siku hiyo hiyo bila yeye kulipanga. Kwenye meza ya mapokezi palikuwa na mifuko ya plastiki ya kufungia mkate, mzigo wa mfanyabiashara wa Lubumbashi tuliyemwita Papa Mbuyi. Mifuko ilichapwa neno moja kubwa jekundu: PAIN. Akaingia Mkenya, Njoroge wa Nairobi, aliyekuja kuulizia mzigo wake mwingine kabisa. Akaiona, akashika kichwa.

"Sister, hizi ni za nani? Uchungu? Mnauza uchungu kwa mfuko?"

"Ni za mkate, kaka," nikamwambia.

"Mkate gani huo? Wa hospitali?"

Papa Mbuyi alikuwa amekaa pembeni anakunywa maji. "Ndugu, pain ni mukate," akasema taratibu. "Kwetu mutu anaisoma, njaa inamushika."

Walicheka mpaka Njoroge akakaa chini. Mwalimu Kuang hakuelewa Kiswahili, ila alielewa mfuko. Waliponyamaza akaniita kwenye lenzi yake. Akaniambia kwamba neno la Wafaransa limetoka kwenye Kilatini cha mkate, na la Waingereza limetoka kwenye Kilatini cha adhabu, na kwamba hawa wawili hawajawahi kuwa ndugu hata siku moja. Wamevaa nguo zinazofanana, basi. Kisha akaniambia lile ambalo nanyi nimewaambia mara nyingi mpaka mkachoka: maneno marefu hayana shida, kwa kuwa kila mtu akiliona neno refu asilolijua anakwenda kuuliza. Neno fupi haliulizwi. Mtu analiona, anaona herufi zake anazijua, anapita nalo.

Miaka ile nilijifunza kazi kwa mikono zaidi kuliko kwa vitabu. Tulikuwa na wembe mwembamba, kibanio cha ncha kali, chupa ya spiriti na mashine ya kukaushia nywele. Lebo ya zamani unaipuliza moto mpaka gundi ilainike, ndipo unaiinua kwa pembe. Chuma unakifuta kwa spiriti mara mbili kabla ya kubandika, na unasubiri kikauke. Asiyesubiri atairudia kazi yake. Karatasi za lebo tulizifunga kwenye nailoni kwa sababu unyevu wa Guangzhou mwezi wa nne unazifanya ziwe kama andazi.

Katikati ya kazi alinifundisha maneno. Bi Zuhura wa Kariakoo aliwahi kupunguziwa bei ya mazulia madogo kwa kusisitiza kwamba yameandikwa BAD, kwa hiyo hata mwenye kiwanda anakubali ni mabovu. Kwa Kijerumani hilo ni bafu tu; yalikuwa mazulia ya bafuni. Muuzaji hakujua Kijerumani wala Kiingereza, akashindwa kujitetea. Mabango ya SALE yaliyokuwa yametapakaa madukani ghorofa za chini yaliwafurahisha Wakongo, kwa kuwa kwa Kifaransa chao ni uchafu. Lakini mwalimu alipenda zaidi yale maneno ambayo kweli ni ndugu wakatengana. GIFT ni zawadi kwa Mwingereza na ni sumu kwa Mjerumani, na mama yao ni mmoja, kitenzi cha kutoa. Kilichotolewa kwa mkono wa mapenzi kikaitwa hivyo, na kilichotolewa kwa kijiko cha mganga kikaitwa hivyo pia, halafu kila mmoja akaenda njia yake.

Nilimwambia kwamba na sisi tunayo ya Wareno, kama meza na parafujo na leso, na ya Wajerumani, shule. Hilo la shule lilimfurahisha siku nzima. Akanieleza kwamba Wajerumani walilitoa kwa Walatini, Walatini kwa Wagiriki, na kwa Wagiriki lilianza kwa maana ya kupumzika, muda usio wa kazi. "Kwa hiyo mimi na wewe tumesoma," akasema, "na hatujapumzika."

Sasa niwaambie kuhusu Bwana Shaibu.

Bwana Shaibu alikuwa mzaliwa wa Unguja mwenye duka la vifaa vya shule Dar es Salaam. Alinunua kalamu, rula na mikebe ya hesabu barabara ya Yide, pale kwenye maduka ya jumla, na mimi nilikwenda naye kumsemea. Alikuwa mtu wa mzaha. Muuzaji akisema "meiyou", hakuna, yeye anamjibu kwa Kiswahili, "Ipo, baba, tafuta vizuri," na mara nyingi ilikuwepo. Hakuna mteja niliyempenda kuliko yeye. Kila safari alileta karafuu kidogo kwenye karatasi kwa ajili ya mwalimu Kuang, ambaye alizitia kwenye chai na kulalamika kwamba ni kali, kisha akaulizia zikiisha.

Safari moja alikuja na jambo jipya. Alikuwa amechoka kununua madaftari ya watu. Alitaka kutengeneza yake mwenyewe, kwenye karakana aliyoikodi mtaa wa Gerezani, na alikuwa amepata mashine ya kupiga mistari kwenye karatasi, ya Kijerumani, kuukuu lakini nzima, kutoka kwa mchapaji mmoja nje ya mji aliyekuwa anabadilisha vifaa. Mdogo wake, Idi, ndiye angeiendesha. Alituomba tuandike maelezo yake kwa Kiswahili.

Tulikwenda uwanjani kuiona, mimi na mwalimu Kuang. Ilikuwa mashine ndefu ya kijani, yenye rola zilizopangana jozi jozi, karatasi inaingia huku inatokea kule. Tulikuta mafundi wameshaifungua vipande ili iingie kwenye kontena. Kisanduku cha swichi, kile chenye vitufe vyote, kilikuwa tayari kimetiwa kwenye sanduku la mbao, limepigwa misumari. Mwenye uwanja alikuwa na picha yake kubwa ya rangi, akatuonyesha. Mwalimu Kuang akatoa lenzi pale pale, juani. Kibao cha kuwashia kilikuwa sawa, na cha mwendo kilikuwa sawa. Alipofika kwenye kitufe chekundu akakaa muda. Chini yake paliandikwa NOT HALT.

"Xiao Sa," akasema, "mwite."

Bwana Shaibu akaja anafuta jasho. Mwalimu akamwekea kidole kwenye picha, nami nikawa nafasiri. Akamwambia kwamba hili si Kiingereza. Hapa NOT ni neno la Kijerumani, maana yake dhiki, hatari, shida inayodai msaada saa hiyo hiyo. Ndugu yake kwa Kiingereza ni "need", ile ya kuhitaji, wametoka tumbo moja ingawa hawafanani tena. Wakati ile "not" ya Kiingereza, ya kukanusha, imetoka kwingine, kwenye maneno ya kale ya kusema si kitu. Kwa hiyo kibao kinasema: wakati wa hatari, simamisha hapa. Mwingereza akikisoma kinamwambia usisimamishe.

Bwana Shaibu alicheka. "Mwalimu, kitufe chekundu ni cha kuzimia dunia nzima. Na watu wangu pale wengi hawajui Kiingereza. Anayekijua ni Tatu peke yake, yule binti wa kidato cha nne ninayemweka kwenye swichi, na huyo ana akili."

Nilifasiri. Mwalimu Kuang akamshika mkono juu ya kiwiko, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya kwa mtu.

"Mwambie huyo ndiye ninayemwogopea," akasema. "Mwambie wafungue sanduku. Ni kazi ya nusu saa."

Wakala wa mizigo alikuwa amesimama kando ya lori, anatazama saa. Kontena lilikuwa lifungwe mchana ule. Likikosa meli, lingesubiri nyingine. Misumari ilikuwa mingi na mafundi walikuwa wamekwenda kula. Nilimwomba Bwana Shaibu kwa Kiswahili changu mwenyewe, bila kumfasiria mtu.

"Kaka Shaibu, nakuomba. Mimi mwenyewe nitang'oa misumari."

"Dada Saida, kontena halinisubiri mimi. Niandikieni lebo, nitazibandika kwa mkono wangu. Wallahi."

Tukarudi ofisini, nikaziandika. Ile ya kitufe chekundu niliiandika kwa herufi kubwa: HATARI — BONYEZA HAPA KUSIMAMISHA. Mwalimu alinifanya niichape mara mbili kwa sababu wino wa kwanza ulikuwa hafifu. Bwana Shaibu akapita kuzichukua njiani kuelekea uwanja wa ndege, akazitia kwenye mkoba wake, akatuachia karafuu.

Alirudi baada ya miezi kadhaa. Kwa kawaida alikuwa anapiga simu wiki nzima kabla ya kuja, anaagiza hoteli, anauliza hali ya hewa. Safari hii nilinyanyua tu kichwa nikamwona mlangoni. Aliniitikia salamu, akakaa, akafungua mkoba, akatoa zile karatasi zangu za lebo na kuziweka mezani. Nailoni ilikuwa haijafunguliwa.

"Nilizisahau," akasema. "Nilifika, kukawa na mambo ya bandarini, kukawa na fundi wa umeme, nikazisahau. Dada Saida, nilikuwa nazo mkobani siku ile ile."

Akatueleza, nami nikawa namfasiria mwalimu Kuang kipande kwa kipande. Yeye mwenyewe hakuwepo; alihadithiwa. Idi alikuwa ananyoosha karatasi iliyokunjika, mkono wa shati ukanaswa kwenye rola. Zile rola haziendi mbio, na huo ndio ubaya wake. Tatu alikuwa amesimama kwenye kisanduku cha swichi. Idi akapiga ukelele, simamisha, simamisha. Tatu akanyoosha mkono kwenye kitufe chekundu, akakisoma, akaurudisha. Akaanza kutafuta kitufe kingine. Mzee mmoja wa kubeba karatasi, asiyejua kusoma, alikimbia mpaka kwenye swichi kuu ya ukutani akazima karakana nzima. Hospitali walimkata Idi mkono kwenye kifundo.

"Nilipofika nilimuuliza Tatu, kwa nini? Akaniambia, bosi, imeandikwa usisimamishe. Alikisoma kama alivyofundishwa shuleni."

Mwalimu Kuang aliuliza swali moja tu. "Mkono upi?"

"Wa kulia," nikafasiri.

Akasimama, akakusanya vikombe vya chai vilivyokuwa bado vimejaa, akaenda kuvisafisha. Tulisikia maji yanamwagika kwa muda mrefu. Bwana Shaibu aliniomba nimweleze tena lile neno, asili yake, kila kitu, na mimi nikamweleza. Nilipofika kwenye ile habari ya dhiki inayodai msaada alifunika uso kwa kofia yake akalia. Nikamshika bega.

Kuna jambo ambalo halikunijia siku ile, na limenijia mara nyingi tangu hapo. Sikuuliza nyumbani aliwaambia nini. Nilidhani mtu aliyesafiri mpaka Guangzhou kuweka zile lebo mezani amekwisha kusema kila kitu kwa walio karibu.

Baada ya hapo mwalimu Kuang alibadilika. Alikataa kuandika lebo ya mashine ambayo hakuigusa. Picha hakuzitaka tena. Alipanda mabasi kwenda viwanja vya nje ya mji na chupa yake ya spiriti, anarudi jioni na matope mpaka magotini, na lebo zake ameshazibandika kwa mkono wake. Laoban alivumilia kidogo, halafu akaanza kusema, mara ya kwanza kwa upole, kisha mbele ya wateja. Siku moja nilirudi kutoka barabara ya Yide na sampuli za rula nikakuta meza yake tupu. Alikuwa ameondoka asubuhi. Lenzi yake aliichukua, kikombe alikiacha. Nilikwenda nyumbani kwake wiki hiyo nikaambiwa amekwenda kwa binti yake, mji mwingine, na jirani hakuwa na anwani. Niliendelea kuamini kwamba siku moja nitamwona barabara ya Huanshi ananunua matunda. Aliyenipigia simu hatimaye ni huyo binti, naye alinipigia kunipa habari ya msiba. Alisema baba yake alikuwa ananitaja. Nilimuuliza alisema nini, akajibu kwamba alikuwa anataja jina tu.

Niliporudi Dar kuanzisha ofisi hii yetu, Bwana Shaibu alikuwa ameacha biashara ya madaftari. Tulikuwa tunapigiana simu za sikukuu. Hatukuizungumza mashine. Kisha naye akafariki, nikaenda msibani.

Kwenye upande wa wanawake alikuja kukaa karibu nami mama mmoja wa makamo, mwenye duka la sare za shule, mpole, anayeongea kwa sauti ya chini. Akaniamkia. "Shikamoo, mama. Wewe ndiye yule dada wa China aliyekuwa anamwandikia marehemu maneno ya mashine?"

"Marahaba. Ndiye mimi."

"Mimi naitwa Tatu."

Akasubiri wanawake waliokuwa karibu wainuke kwenda kupakua chakula, ndipo akasema tena.

"Mama, nina swali nililoshindwa kumuuliza marehemu. Alituambia sote kwamba kile kitufe kilikuwa kibovu. Kwamba hata ningekibonyeza kisingefanya kitu, ilikuwa kadari ya Mungu. Aliniambia nisiseme kwa mtu nilichokisoma, watu wasije wakanielewa vibaya. Nimeishi na maneno hayo. Sasa yeye hayupo. Kile kitufe kilikuwa kibovu kweli?"

Kwa hiyo hivyo ndivyo alivyofanya Shaibu. Nilimfikiria kwa hasira, kisha nikamfikiria vingine. Alikuwa amejificha, na papo hapo alikuwa amemfunika binti wa watu kwa shuka lile lile alilojifunikia. Ningeweza kuliacha hapo. Nilitazama mikono yake, alikuwa ameishikamanisha magotini, nikaona kwamba mtu aliyeridhika na jibu hawezi kuuliza baada ya miaka yote ile.

"Hakikuwa kibovu, mwanangu," nikamwambia. Nikamweleza lile neno. Nilimwambia halikuwa Kiingereza, na kwamba hakuna mwalimu wa Kiingereza ambaye angelisoma tofauti na yeye. Nikamwambia kuhusu lebo, na mkoba.

Akauliza, "Ningebonyeza ingesimama?"

"Ingesimama."

"Niliurudisha mkono wangu mwenyewe," akasema. Hakulia. Alijifunga mtandio wake vizuri, akainuka. "Twende kwa Idi. Ukamwambie mbele yangu."

Nilimwambia kwamba leo ni msiba wa kaka yake Idi. Akasema ndiyo sababu yuko nyumbani.

Idi alikuwa amekaa kibarazani, upande wa uani, kwenye benchi, amechoka na wageni. Alinisalimu kwa mkono wa kushoto. Yeye na Tatu walisalimiana kama watu wanaokutana kila siku sokoni, na nilivyojua baadaye ndivyo walivyokuwa wanakutana, kwa salamu na si zaidi. Nikamweleza yote, tangu uwanja ule wa mashine nje ya mji mpaka nailoni isiyofunguliwa. Alinisikiliza akitazama chini. Nilidhani atamlaani marehemu, na nilikuwa tayari kumwombea msamaha.

"Kaka alisema kitufe kilikuwa kibovu," akasema nilipomaliza. "Mimi nilijua si kweli. Ubovu wa kitufe unaujua ukishakibonyeza. Huyu hakukigusa. Nilikuwa namwangalia." Akamgeukia Tatu. "Nilikuona umenyoosha mkono, halafu ukaurudisha. Nilidhani umeona damu ukanitupa. Sikutaka kukuuliza, ningekuuliza nini?"

"Nilikuwa nasoma," Tatu akasema.

"Kumbe ulikuwa unasoma."

Alilisema polepole, mara mbili. Halafu Tatu ndiye aliyeanza kulia, naye Idi akatazama ukutani, na kutoka ndani tukasikia watu wanaanza dua. Nilifikiri juu ya Shaibu, ambaye angeweza kuyasikia mazungumzo haya mwenyewe akiwa hai, na juu ya mwalimu Kuang, aliyeuliza mkono upi, akafa bila kumwona mwenye mkono huo. Wote wawili wangeweza kuwepo pale. Ilihitajika mtu mmoja tu aseme, mapema.

Idi akasogea kwenye benchi kupisha nafasi. Tatu akakaa upande wake wa kulia, upande ambao mkono haupo, na mimi nikaenda ndani kuitikia dua.